Buibui wa Kogo Taplelei

Juzi nilikuwa kwenye agroveti moja hapo Kaplong, nimeenda kununua chumvi ya ng'ombe, nikamsikia kijana mmoja mwenye shamba lake akiuliza dawa ya kuua buibui kwenye chai. Buibui! Ati wachumaji wake wamelalamika kwamba asubuhi utando unawanata usoni. Muuzaji hakumuuliza swali hata moja. Alinyoosha mkono nyuma yake, akatoa chupa, akaipangusa vumbi, akasema, "Hii hata nyoka haiwezi kuhimili." Wakacheka wote wawili. Mimi nilitoka bila chumvi, maana ningebaki pale ningesema maneno ambayo mzee wa kanisa hasemi.

Ndiyo maana ninawaandikia nyinyi. Nyinyi mnaosoma kilimo huko Kabianga, nyinyi mlioacha mji mkarudi kwenye ekari za wazazi wenu, nyinyi mnaopuliza dawa kila kinachotembea kisha mnapiga picha. Kazi yangu, miaka yote niliyoajiriwa, ilikuwa kukamata buibui. Nililipwa mshahara na nikasomesha watoto watatu kwa kukamata buibui. Cheka kwanza, ukimaliza tuendelee.

Barua ya kazi ilisema mimi ni fundi wa maabara katika utafiti wa chai. Ukweli ni kwamba muda mwingi nilikuwa nimeinama kwenye mashamba ya wakulima wadogo kabla umande haujakauka, mdomoni nimeng'ata mrija. Mrija wenyewe ni mpira mwembamba. Upande mmoja ni mdomo wako, upande wa pili ni kichupa cha kioo, na katikati kuna kitambaa cha wavu. Ukimwona buibui unavuta pumzi fupi, anaingia kwenye kichupa. Usivute kama mtu anayekunywa soda. Vuta kama anayeonja uji wa moto, la sivyo utamvunja miguu. Na kabla ya yote, hakikisha kitambaa kimekazwa. Siku yangu ya kwanza sikukikaza. Buibui wana ladha gani siwaambii, ila chai ya saa nne siku hiyo ilinishinda.

Nilidhani diploma yangu ilinifundisha kutafuta buibui. Aliyenifundisha ni Kogo Taplelei. Kogo ni nyanya, yaani bibi, kwa Kikipsigis, na mlima wote ulimwita hivyo, hata sisi Wakikuyu ambao wazazi wetu walikuja huku kufungua maduka wakabaki. Alikuwa na ekari moja na kitu ya chai upande wa barabara inayoteremka kwenda Chepilat, si mbali na kwangu. Nilifika pale na gambuti mpya miguuni na daftari safi, nikainama katikati ya mistari nikaanza kupekuapekua majani. Akaniita.

"Baba Wambui, umepoteza nini?"

"Natafuta buibui, Kogo."

"Sasa buibui unatafuta na matako ikiwa juu? Kuja huku."

Akanisimamisha mwisho wa mstari, nikielekea jua, akanikandamiza bega mpaka macho yangu yakawa sawa na meza ya chai, yaani pale juu majani yanapochumwa yakabaki yamenyooka. Hapo ndipo nilipoona. Shamba zima lilikuwa limetandikwa nyuzi, kila moja imebeba umande wake. Nilikuwa nimepita hapo nusu saa nzima nikikanyaga na kupangusa, sioni kitu. Nilijisikia mjinga, na nilistahili.

Akanionyesha na jambo la pili. Kuna buibui wadogo sana huku kwetu, weusi, ukubwa wa punje ya wimbi. Asubuhi jua likitoka na upepo ukiwa mtulivu, mmoja hupanda mpaka ncha ya jani, akasimama juu ya vidole vya miguu, akainua tumbo, akaachia uzi. Uzi ukishika upepo, naye anakwenda. Anaweza kuvuka mto, anaweza kufika kata nyingine. "Hiyo imechoka na hapa," Kogo akasema. "Lakini yangu mingi haiendi. Yangu inapenda nyumbani." Na kweli. Kwa majirani, asubuhi kama hiyo, waya za ua zilijaa nyuzi. Kwake zilikuwa chache. Na kiangazi kilipokuja, chai za majirani zikageuka rangi ya kutu kwa ajili ya utitiri, vile vidudu vyekundu vinavyofyonza majani, yake ilibaki kijani. Hakuweka dawa. Huku kwetu chai haipulizwi dawa ya wadudu, hiyo ndiyo sifa yetu kwa wanunuzi, na sasa nyinyi mnataka kuiuza kwa sababu ya utando usoni.

Baadaye akaja Dokta. Sitamtaja jina. Alikuwa mtu mwenye kichwa, hilo sikatai, na yeye ndiye aliyenieleza kilichomo ndani ya buibui wale. Ndani ya mwili wa buibui, kwenye chembe zenyewe za nyama yake, kunaishi bakteria. Hawakumwingia jana. Alirithi kwa mama yake kupitia yai, na mama kwa bibi. Hawaonekani kwa macho; zamani tulimponda buibui kwenye kioo tukampaka rangi na kumweka chini ya hadubini, siku hizi kuna mashine inayosoma vinasaba kabla chai yako haijapoa. Na katika aina ile tuliyoishughulikia, wageni hao wa ndani waliamua mambo makubwa. Buibui mwenye bakteria alielekea kukaa. Asiye nao alipanda juu na kuruka. Aina nyingine ya bakteria humfanya mama azae majike karibu matupu. Joto kali likizidi huwapunguza bakteria hao. Hatukujua yote, na mtu akiwaambia anajua yote kuhusu mambo hayo, mkimbieni.

Msiniulize yupi ni mzuri, anayekaa au anayeruka. Mnapenda sana maswali ya namna hiyo. Ukipruni chai, ukaikata mpaka visiki, shamba linabaki uchi na buibui wote wanapoteza nyumba. Anayeruka ndiye anayefika kwanza kutoka mbali. Lakini anayekaa ndiye anayelinda machipukizi yako miezi inayofuata, wakati yule mwingine ameshapitia na kwenda zake. Shamba linawataka wote. Shida ya Kogo na yetu ilianza tulipodhani tunaweza kuchagua.

Nilimweleza Kogo habari za bakteria nikitarajia ashangae. Hakushangaa. Alikuwa anasugua kibuyu chake cha mursik, yale maziwa ya kugandisha ya Wakipsigis, anasugua kwa kijiti kilichochomwa mpaka mkaa.

"Kama sotet," akasema, akimaanisha kibuyu. "Hii ukiosha na sabuni, ukachemsha maji moto ukamwaga ndani, utasema bado ni kibuyu? Hiyo ni sahani tu. Maziwa itakaa hapo ioze."

Nikaandika maneno hayo kwenye daftari. Dokta alipoyasoma akayapiga mstari mwekundu.

Mpango wa Dokta ulikuwa huu: tuchukue buibui wa Kogo, wanaopenda nyumbani, tuwazalishe kwenye chumba maalum, kisha tuwaachilie kwenye mashamba yaliyopruniwa. Jaribio la kwanza lingekuwa kwa Kogo mwenyewe, kwa sababu mwaka huo zamu yake ya kupruni ilifika. Yeye alikubali kwa sharti moja. "Chukueni. Lakini nikipruni, murudishe zangu. Zile zile, si zingine." Tulikubali. Nilimpa mkono mimi mwenyewe, na kwa siku kumi na kitu nikafyonza shamba lake asubuhi baada ya asubuhi mpaka ukapita mstari mzima usione uzi.

Akapruni. Kanuni ya maabara ilisema matawi yaliyokatwa yabaki chini shambani yaoze yawe mbolea, na mimi ndiye niliyetumwa kuwafukuza akina mama wanaokuja kuyabeba kuni. Nilifanya kazi hiyo kwa bidii kubwa. Hata mke wangu mwenyewe, Mama Wambui, nilimkuta na mzigo mgongoni, kamba kichwani, anatoka kwa Kogo akipanda njia ya kwetu, nikamgombeza hadharani, na nyumbani nikaendelea wiki nzima. Mzigo aliuegemeza kwenye ua wetu kando ya chai, ukakaa hapo. Kanuni nyingine ilisema pruni zote, usibakize. Kogo alibakiza mstari mmoja kando ya ua wake, mrefu, haukuguswa. Nilipomuuliza akanijibu kwa swali: "Ukikata yote, wale mliacha watalala wapi?"

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa langu, na mtu wa huku tu ndiye angelifanya.

Buibui kwenye chumba walianza kulegea. Walikuwa kwenye vichupa, chini tumewawekea plasta, yaani jasi lililoganda, ambayo tulikuwa tunailowesha maji ili wapate kunywa. Wakawa hawali, wengine wanakunja miguu. Dokta alikuwa safarini. Mimi nina ng'ombe nyumbani. Sisi wenye ng'ombe, ndama akiharisha, hatuiti mtu. Tuna pakiti ya unga wa antibayotiki juu ya kabati, karibu na Biblia. Nikaichukua. Nikakoroga kidogo kwenye maji ya kulowesha plasta, kwa mkono mwepesi kama mtu anayetia chumvi. Siku hiyo hiyo nikabadilisha na nzi wa kuwalisha, kwa sababu wale wa kwanza walikuwa na ukungu. Baada ya siku chache buibui walichangamka. Nikajiona daktari. Nikaendelea na unga ule mpaka watoto wakaanguliwa, na wajukuu. Kwenye daftari sikuandika kitu. Hata leo sijui kama ni unga au ni nzi wapya waliowaponya. Naona ni nzi. Unga ulifanya kazi nyingine.

Tuliwaachilia kwa Kogo machipukizi yalipokuwa urefu wa kidole. Alikuja kuwapokea amevaa kitambaa cha kanisani. Siku tatu zikapita. Siku ya nne jua likatoka, upepo ukawa mtulivu, akanipigia simu nije. Nilipofika sikuhitaji kuinama. Kila kisiki kilikuwa na buibui kileleni, amesimama vidole juu, tumbo hewani. Walikuwa wanaondoka, mmoja baada ya mwingine, kama watoto wa shule kengele imelia. Waya ya ua ilikuwa nyeupe. Nyuzi zilining'inia mpaka kwenye nguzo za stima barabarani. Kogo alikuwa amesimama katikati ya shamba na mikono kiunoni.

"Hizi si zangu," akasema.

"Ni zako, Kogo. Tuliwatoa hapa."

"Nakuambia si zangu."

Kiangazi kilimkuta hivyo, visiki vina majani mapya na hakuna mlinzi. Utitiri ukaingia. Majani yakawa ya shaba, yakakunjamana, yakaanguka. Dokta aliporudi akaita wakulima kwenye kituo cha kupimia chai, mchana, watu wakingoja lori, magunia yamepangwa. Akasimama juu ya jukwaa la mizani. Akaeleza kwamba jaribio limeshindwa kwa sababu buibui wa shamba la mama huyu ni aina mbaya, ya kuhamahama, na kwamba mama huyu alitupa habari zisizo sahihi. Akamnyooshea kidole. Kogo alikuwa ameketi juu ya kikapu chake mbele kabisa. Akasimama.

"Dokta, naomba kuuliza. Mliwapa nini kule?"

"Chakula na maji, mama."

"Hamkuwapa dawa? Kwa sababu ng'ombe ukidunga sindano, maziwa yake ukiweka kwa sotet inakataa. Siku tatu, nne, inakataa kugeuka. Hiyo dawa inaua ile kitu ya ndani. Sasa mimi nauliza, hamkuwapa dawa?"

Watu wakacheka. Dokta naye akacheka. "Mama, please. Hapa tunaongea sayansi, si mursik." Kisha akanigeukia, kwa sababu chumba kilikuwa changu. "Fundi yuko hapa. Fundi, uliwapa dawa yoyote?"

Watu wote wananiangalia. Wiki ile nilikuwa ninangoja barua ya kupandishwa cheo.

"Hapana," nikasema.

Nimeandika neno hilo kwa hasira, na sijui nimkasirikie nani kwanza. Mwanamke aliyeishia darasa la tatu alikuwa ameona kwa akili yake, kupitia maziwa, jambo lile lile ambalo Dokta alilisomea ng'ambo na mimi nililisomea diploma. Alilisema mbele ya watu wazi kabisa. Akachekwa. Na mimi, mtu pekee pale niliyejua kuna pakiti juu ya kabati, nikamwacha achekwe. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu kuliko wanavyosema.

Na msidhani sikujua. Jioni ile nilirudi maabara nikawaponda buibui waliobaki kwenye vichupa, mmoja baada ya mwingine, nikawapaka rangi, nikawaangalia. Watupu. Hakuna aliyebaki na kitu ndani. Niliosha vioo, nikavipanga, nikafunga mlango.

Siku mbili baadaye Dokta akatoa agizo, kinyume cha desturi ya huku: shamba la Kogo lipulizwe dawa lote, utitiri usisambae kwa majirani. Pampu nilibeba mimi. Nilipuliza visiki vyote, nikafika kwenye ule mstari mmoja kando ya ua, ambao haukupruniwa. Umande ulikuwa bado haujakauka. Niliona nyuzi. Wale waliosalia, wale wake hasa, walikuwa humo, na kutoka humo wangeteremka wenyewe kulijaza shamba kama wangepewa nafasi. Kogo alikuwa amesimama mwisho wa mstari.

"Hii acha, Baba Wambui."

"Nimetumwa, Kogo."

Akaniangalia. "Na hamkuwapa dawa."

"Hatukuwapa."

Akasogea kando nikapita.

Utitiri ulirudi ukiwa mwingi kuliko mwanzo, kwa sababu hakukuwa na kitu hai cha kuula. Msimu uliofuata Kogo aling'oa zaidi ya nusu ya chai yake akapanda nepia, majani ya kulisha ng'ombe. Chai aliyoipanda na marehemu mumewe. Ripoti ikaandikwa kwamba buibui wa mkulima mmoja hawafai. Dokta akaenda kwingine na ripoti yake. Mimi nikapata barua yangu. Miaka iliyofuata nilifundisha vijana wengi kushika mrija, nikawa nawaambia kila siku: andika, andika kila ulichotia, hata kama ni maji. Walidhani mzee ana maringo ya daftari.

Nimestaafu sasa. Mwaka huu, asubuhi moja, Mama Wambui alinituma nikakate ua kwa sababu umeanza kumeza njia. Nikainama, jua likiwa mbele yangu, macho yakawa sawa na meza ya chai yangu mwenyewe. Shamba langu lilikuwa limetandikwa. Weusi, ukubwa wa punje ya wimbi. Asubuhi yenyewe ilikuwa na jua na upepo mtulivu, na hakuna aliyekuwa anapanda juu. Mganga hajigangi. Miaka yote hiyo nilikuwa nikipekua mashamba ya watu mpaka Chepilat, nikirudi nyumbani jioni nimechoka, chai yangu haijawahi kuguswa na utitiri, na nilikuwa nikijisifu kwamba ni mbolea.

Nilichukua beseni la maji, nikasimamisha vijiti vya meno kwenye kipande cha sabuni katikati, nikaweka buibui juu, nikawasha feni ya mezani kwa mwendo mdogo. Hivyo ndivyo tulivyopima kazini: anayetaka kuruka atasimama vidole juu. Mke wangu akanikuta nimepiga magoti jikoni.

"Ngai! Wewe umestaafu kazi, lakini kazi haijastaafu wewe."

Hawakuinua tumbo hata mmoja. Nikampelekea sampuli msichana mmoja niliyemfundisha, ambaye siku hizi ndiye anaendesha mashine ya vinasaba. Akanijibu kwa simu: "Mzee, wako na hao bakteria. Karibu wote. Umewatoa wapi?"

Nikamuuliza Mama Wambui kama anajua. Hakuinua hata macho kutoka kwenye viazi.

"Si zile kuni za Kogo? Ulinigombeza wiki nzima nikaogopa kuzichoma. Zikaozea hapo kwa ua."

Nilitoka nje nikakaa. Buibui waliosalia kwenye matawi yale walikuwa wamekuja kwetu mgongoni kwake. Mtu aliyevunja kanuni zangu ndiye aliyeokoa kitu, na mimi niliyezilinda ndiye niliyekiua. Ningepaswa kuondoka pale pale kwenda kwa Kogo. Sikwenda. Nilijiambia mvua ikipungua, nikajiambia baada ya Pasaka. Miezi ikapita nikiwa na dawa ya jeraha lake kwenye ua wangu. Ni yule kijana wa agroveti aliyenisukuma. Nilikuwa ninatembea barabarani nikimlaani, yeye na chupa yake, nikafika kwenye daraja nikatambua kwamba mimi nilibeba pampu nikijua, na yeye hajui. Hasira yote ikanigeukia.

Kogo amezeeka sana. Nilimkuta jikoni kwake, nikamwambia yote tangu pakiti mpaka pampu. Nikaweka chupa ya buibui juu ya kiti. Alinisikiliza akizungusha kibuyu mapajani.

"Nilijua," akasema. "Siku ile kwa kituo, ukisema hapana, uliangalia gambuti yako."

"Nisamehe, Kogo. Nimekuletea wako. Wale wale."

Hakuangalia chupa.

"Ile 'hapana' yako ulisema mbele ya watu wote. Wakanicheka mpaka leo, hata watoto wa shule wananiita Mama Buibui. Sasa ile 'ndiyo' yako unaniletea hapa, kwa jikoni, tukiwa wawili? Toa hiyo chupa kwa kiti yangu."

Siku iliyofuata ya kupima chai tulikwenda pamoja, yeye na fimbo yake, mimi na chupa. Tulitembea polepole. Kituo ni kile kile ila jukwaa lina mabati mapya, na mizani ni ya kidijitali. Watu walikuwa wanangoja lori. Wazee wachache mbele waliotukumbuka. Nyuma vijana, wameinamia simu, na mmoja wao ni yule wa agroveti. Nikapanda kwenye jukwaa. Nikasema: mimi niliwapa buibui dawa ya ndama, nikakana, nikampuliza mama huyu shamba lake nikijua.

Nikaanza kushuka. Kogo akapiga fimbo chini.

"Sema tena," akasema. "Wa nyuma hawajasikia."

Nikasema tena. Mmoja akainua kichwa, akauliza mwenzake, "Huyo mzee anauza nini?"

"Tena," Kogo akasema.

Nilisema mara tatu. Baada ya hapo alinyoosha mkono, akachukua chupa, akaifunga kwenye kitambaa chake, akashika njia ya kwake bila kuniaga. Nilimfuata kwa macho mpaka akakata kona kwenye nepia, kuelekea ile mistari michache ya chai iliyobaki.

Lakini nilikuwa nimewaona. Mara ya tatu ilipokwisha, wengi wenu mlikuwa bado kwenye simu. Ndiyo sababu nimeandika. Nyinyi ndio wa nyuma. Sikieni basi: niliwapa dawa mimi, nikasema sikuwapa. Buibui wa Kogo Taplelei hawakuwa na kosa, na yeye alikuwa amesema kweli.